Aliyeandikwa Hazbandi

Nyamwaga,
Tarime, Mara.
Jumatano, 15 Mei 2024

Mpendwa mwanangu Honoratha,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia, kwa hiyo naitika kabisa. Habari za huko Songea? Kifua chako je, kile kinachokubana ukipigwa na baridi? Mumeo hajambo? Wanafunzi wanasikia, au ndio hawa wa siku hizi? Na mguu wa mama mkwe wako umepona? Niliambiwa aliteleza bafuni. Nikasema sakafu laini hizo ndizo zinaangusha watu wazima, sisi huku tunaogea juu ya mawe na hatutelezi.

Sisi hatujambo, hatujambo ya kusema tu. Goti langu la kulia bado linalia kama mlango. Mvua imenyesha mpaka migomba ya upande wa mtoni imelala chini yote. Yule mbuzi mweusi mwenye ndevu, uliyempenda ulipokuja, amezaa mapacha, mmoja akafa. Nakuambia ya mbuzi kwanza kwa sababu naogopa kuanza ya kwangu.

Anayeandika ni Shani, nesi wa zahanati yetu. Ni mtoto wa Pangani, serikali ilimleta huku, anapanga chumba changu cha mbele. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Hapa tu nimesema "hiyo neno" ameshatikisa kichwa. Nimemwambia mimi ni Mkurya, Kiswahili nilikikuta njiani, aandike.

Simu nimeikataa. Simu maneno yanapita, na kila mtu anasikia, na kwenye ule ujumbe tuliokutumia kukuuliza neno la Kiingereza mimi nilikuficha kitu. Mwalimu Ponsiano wa shule yetu amepata msiba kwao huko huko Songea, anaondoka kesho alfajiri, ameahidi kukufikishia mkononi. Atafika Jumamosi jioni. Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe, kwa hiyo huwezi kunisaidia kitu, ninajua. Nataka tu awepo mtu mmoja wa damu yangu anayejua ukweli wote, hata kama nitakuwa nimeshashindwa.

Jumamosi kuna ritongo, kile kikao cha wazee wa mila, pale kwenye uwanja wa mnada. Wanakaa kwa ajili yangu. Thadeo wa Ringwani anakuja na wajomba zake kumchukua mtoto mchanga wa Waisiko, na kumchukua Waisiko mwenyewe. Anasema ni wake. Anasema imeandikwa kwa Kiingereza.

Mwanangu, naogopa. Tangu wiki mbili hizi uji haupiti. Pikipiki ikinguruma barabarani naweka kikombe chini. Nimezika mume, nimezika dada yangu ambaye ni mama yako, sikuogopa hivi. Kifo ukishakiona umekiona.

Wewe nilipomuoa Waisiko ulikuwa chuoni, hukuona, ulisikia tu. Ngoja nikueleze, maana huko kwa Wangoni wakisikia mwanamke ameoa mwanamke watakuuliza mambo ya ajabu, na wewe usikose jibu. Mume wangu Magige alifariki bila mimi kumpa mtoto wa kiume. Nilizaa mara tatu, wote wako chini ya ile migomba. Sasa nyumba ya mtu isiyo na mtoto kwetu haiachwi izime kama moto wa wapita njia. Mwenye nyumba anaoa. Inaitwa nyumba ntobhu. Nilitoa ng'ombe wa Magige, wazee wakala, wakabariki, Waisiko akaingia hapa na sanduku lake la bati na kicheko kile chake cha kuziba mdomo. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na nne, ameshakataa wanaume wawili kwao. Alisema anataka nyumba ambayo hapigwi. Nikasema hapa wa kukupiga ni mvua tu, paa linavuja.

Watoto wanazaliwa wa nyumba yangu, wa jina la Magige. Mwanamume wa kuwaleta tulimtafuta kwa heshima, ndiye huyu Thadeo, mnunuzi wa ndizi, ana pikapu. Alijua tangu mwanzo. Alikula mbuzi wangu, akanywa, akasema mbele ya watu, "Mama Mokami, mimi ni mpita njia." Hayo ni maneno yake. Akazaliwa Mogesi, tukampa jina la mama yako. Akazaliwa mdogo wake. Wasichana wawili, na Thadeo hakuwahi kuleta hata kipande cha sabuni, na mimi sikuwahi kumdai, kwa sababu kipande cha sabuni kina mdomo, siku moja kitasema.

Sasa hii ndiyo niliyokuficha.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi uliopita, tarehe ishirini na tatu. Waisiko alishikwa na uchungu asubuhi, ikafika mchana, Shani akamshika tumbo akaniambia, "Bibi, huyu mtoto amekaa kwa ubavu, hapa hapana, ni hospitali kubwa." Barabara ilikuwa matope, gari la wagonjwa liko mbali na simu ya dereva haipatikani. Thadeo alikuwa sokoni anapakia ndizi. Alishusha mikungu yake yote barabarani, akamlaza Waisiko kwenye majani ya migomba, akatupeleka. Sikatai, mwanangu. Alitusaidia. Nikisema mabaya yake niseme na hilo, Mungu asije akanishika kwa uongo.

Tulipofika, Waisiko akawekwa kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa haongei tena, anauma kanga tu. Daktari akasema apasuliwe sasa hivi. Akaja kijana wa mapokezi na karatasi.

"Hazbandi yuko wapi?" akauliza.

Sikujua ni nini. Nikauliza, hazbandi ni nani huyo.

"Mwenye mgonjwa, bibi. Mume wake. Asaini hapa apasuliwe."

Nikasema, "Ni mimi."

Honoratha, yule kijana alicheka. Sidhani alikuwa na ubaya, alikuwa amechoka, macho mekundu. Lakini alicheka, na benchi lote la watu nyuma yangu likacheka. Mama mmoja akasema, "Hazbandi mwenye shanga!" Kijana akasema, "Bibi, tafadhali, hapa tunaandika mtu wa kweli. Kama hayupo tuandike hayupo, lakini tunachelewa."

Tunachelewa. Hilo neno ndilo lilinimaliza. Nilifikiri, nikianza kueleza mambo ya ntobhu hapa, ya ng'ombe, ya Magige, mpaka nimalize Waisiko ameshakufa. Na aibu nayo ilikuwa imenishika, siwezi kukudanganya, masikio yalikuwa ya moto. Thadeo alikuwa amesimama mlangoni amebeba beseni letu. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, hakuna aliyenishurutisha, nikamwita mura kama kijana wa nyumbani:

"Mura, andika wewe."

Akaweka beseni chini, akaandika. Kabla hajairudisha karatasi akaipiga picha kwa simu. Nilimwona akiipiga. Nikafikiri anamtumia mtu habari.

Mtoto akatoka mzima. Mvulana. Waisiko naye akatoka mzima, na mshono.

Siku ya tisa Thadeo akaja hapa. Hakuleta pikapu, alikuja kwa miguu amevaa shati la kanisani, nikajua kuna jambo. Akakaa kwenye kigoda kabla sijamkaribisha.

"Mama Mokami, nimekuja kumwona mtoto wangu."

"Mtoto wako yupi? Wako wako Ringwani kwa mkeo."

"Huyu wa kiume."

"Na hawa wasichana wawili waliokaa mlangoni hapa wanakuangalia?"

"Hao waache. Naongelea kijana."

Nikamwambia, "Thadeo, ulisema wewe ni mpita njia."

Akatoa simu, akaigeuza kioo kwangu. "Soma hapa, mama. Imeandikwa hazbandi, halafu limefuata jina la nani?"

"Unajua kwamba sijui kusoma."

"Basi," akasema, "ndiyo hivyo." Akarudisha simu mfukoni taratibu kama mtu anayerudisha kisu.

Akasema atanirudishia ng'ombe wote niliotoa, mmoja mmoja, wazee wakihesabu. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Maana kwetu ng'ombe wakirudi na mwanamke akikubali, basi, hakuna nyumba tena. Wazee watamsimamisha Waisiko katikati, watamuuliza swali moja: wewe unakaa kwa nani? Atakapoelekeza mkono, hapo hapo imeisha.

Tangu hapo hilo neno limekuwa mbwa, linanifuata kila mahali. Thadeo alionyesha picha sokoni, kila mtu akaiona. Nikienda mashine ya kusaga wanawake wanasema, "Mpisheni hazbandi apite na debe lake!" Wanacheka. Na mimi nacheka, nifanyeje, ukikasirika kwenye mashine watakusimulia mpaka Sirari.

Nikaanza kuuliza watu, hili neno hasa ni nini, linang'ata kwa wapi. Aoko, yule Mjaluo anayeleta mitumba kutoka ng'ambo ya Kenya, akaniambia, "Mathe, kwetu hazbandi ni ule analipa karo. Wengine wote ni wageni." Nikasema basi ni mimi, sare za Mogesi nimenunua kwa maharage yangu. Akasema, "Si ndiyo nakuambia!" akaniuzia sweta.

Akaja Evance, bwana mifugo, kuchanja ng'ombe. Nikamuuliza na yeye, maana amesoma. Akasema neno hilo liko kwenye cheti chake, ila lina mkia, hazbandri, na maana yake ni kutunza mifugo: kumlisha mnyama, kumjua, kuona anaumwa kabla hajalala chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye hazbandi wa ng'ombe zangu?"

"Mama," akasema, akaangalia huku na huku, "hilo usiliseme mbele za watu."

Nilicheka siku ile, ya kwanza tangu hospitali. Halafu nikamwambia Shani akutumie ujumbe, kwa sababu wewe ndiyo kazi yako kufundisha Kiingereza, ukauliza wenyewe walilitoa wapi. Ukajibu. Shani alinisomea mara nne. Ukasema zamani sana watu wa kaskazini, wa nchi za barafu, walivuka maji wakaja kukaa Uingereza, na neno wakaja nalo. Kwamba kipande cha mbele ni nyumba, na kipande cha nyuma ni mtu anayekaa hapo na kulima hapo. Mwenye mji. Kwamba hapo mwanzo halikuwa la mtu aliyeoa mke, hilo lilikuja baadaye, lilimfuata kwa sababu mwenye nyumba ndiye alikuwa anaoa. Na ukasema hata leo wakitaka kusema mtu anatumia chakula kidogo kidogo kisimwishie, wanaweza kutumia neno hilo hilo.

Mwanangu, nilitoka mlangoni. Nikaangalia ghala langu, nikakumbuka ile njaa ya mwaka ambao Mogesi anaota meno, nilivyokuwa napima unga kwa kiganja, Waisiko ananyonyesha anakula viganja viwili, mimi kimoja. Nikasema, hao watu wa barafu walikuwa na akili. Walinijua.

Siku hiyo nililala. Kulipokucha hofu ilikuwa imekaa pale pale kwenye kigoda, imevaa shati la kanisani. Kwa sababu wazee wa ritongo hawatauliza neno lilivuka maji gani. Watatazama picha, watamtazama Thadeo, mwanamume mwenye pikapu, halafu watanitazama mimi na goti langu. Na wakiniuliza nani alimwambia aandike, nitasema nini? Siwezi kudanganya kwenye ritongo, mtu anaapa pale. Nitasema nilimwambia mimi.

Lakini bado sijafika kwenye hofu yenyewe. Shani, weka kalamu kidogo, angalia kama kuna mtu. Hakuna. Andika.

Ninamwogopa Waisiko.

Tangu turudi hospitali haniangalii machoni. Ananiwekea chakula, anaondoka. Zamani tulikuwa tunakula pamoja, ananicheka ninavyotafuna upande mmoja. Sasa haimbi akitwanga. Nguo zake zote amezifua, amezikunja, ziko kwenye lile sanduku la bati, na za watoto juu yake. Nimeziona kwa macho yangu. Na kila saa anaangalia barabara ile ya kwenda Ringwani. Mtu anaangalia barabara kwa sababu gani? Thadeo ana miaka arobaini, ana meno yote, ana gari. Mimi nina nini? Nina paa linalovuja. Na nitakufa, siku si nyingi, na yeye atabaki kijana. Nikijiweka kwenye nafasi yake, hata mimi ningeelekeza mkono kwa pikapu.

Sijamuuliza. Hii ni wiki ya tatu nalala nyumba moja naye na sijamuuliza. Nikiuliza atajibu, na nikishajibiwa nitafanya nini mpaka Jumamosi?

Hata mtoto sijampa jina. Unajua kwetu jina linatoka kwa mwenye nyumba. Naogopa nimwite halafu Thadeo ampakie kwenye gari na jina langu humo ndani. Namwita "mgeni." Mgeni ananyonya, mgeni analia. Mungu anisamehe.

Sasa ninachokuomba ni hiki. Kama Jumamosi itaniendea vibaya, Thadeo wasichana hawataki, amesema mwenyewe. Wataachwa. Mdogo ataweza kumfuata mama yake, lakini Mogesi ana miaka minane, anasoma vizuri, ana jina la mama yako. Mchukue. Mlete huko Songea umfundishe, asiwe kama mimi, mtu wa kuonyeshwa simu. Mimi nitabaki hapa na Shani mpaka serikali itakapomhamisha. Nimemaliza, Shani, andika salamu

*

Mwanangu, tulikatishwa. Hapo juu Shani aliacha neno katikati kwa sababu Waisiko alirudi kutoka kliniki, na mimi nikamwambia fichaficha karatasi. Sasa jua limeshahamia upande wa zizi. Shani anaandika tena. Ngoja nikueleze kwa taratibu nisiruke kitu.

Waisiko aliingia, mtoto mgongoni, hakukaa. Akanitolea kadi ya kliniki, akaiweka kwenye mapaja yangu.

"Wamenifokea," akasema. "Mahali pa jina pako wazi. Wanasema mtoto wa siku ishirini na mbili hana jina, kwani nimemwokota?"

Nikaigeuza kadi juu chini.

"Mama, unamsubiri nani ampe jina?"

Nikasema, maneno yenyewe hayakutoka vizuri, nikasema, "Labda Thadeo ana jina lake."

Honoratha, nimemjua Waisiko miaka kumi, sijawahi kumwona analia. Hata kwenye yale majani ya migomba hakulia. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi na mshono wake.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Umenitoa."

"Nimekutoa wapi?"

"Nilikuwa nasikia! Nilikuwa kwenye kitanda kile nasikia. Walipocheka nikasema, sasa hivi mama atawajibu, mama hashindwi na mtu. Ukasema mura, andika wewe. Kama mtu anavyotoa ndama. Tangu siku hiyo nangoja uniambie nifungashe. Nimeshakunja nguo. Kila siku naangalia barabara naogopa, nasema leo anakuja kunichukua na mama atamwachia."

Hapo nikaona, mwanangu. Tumekaa wiki tatu katika nyumba moja, watu wawili, kila mtu anaogopa kufukuzwa na mwenzake.

Nikamwambia yote. Ya kuchelewa, ya aibu, ya masikio. Nikamwambia naogopa ataelekeza mkono kwa pikapu.

Akafuta pua kwa kanga. "Pikapu ile haina breki," akasema. "Wewe ulikuwa unashika beseni, mimi ndiye nilikuwa nyuma."

Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Shani naye analia na kucheka, mtu wa pwani huyo, machozi karibu.

Basi nikamshika mtoto, nikamwangalia paji la uso. Nikasema, "Magige. Anaitwa Magige." Sauti ilinitoka kubwa, kuku wakakimbia.

Shani akachukua kadi aandike. Akafika mahali, akasimama, akasema, "Bibi, hapa wanauliza jina la baba." Nikaona karatasi nyingine hiyo inakuja kunila. Lakini Waisiko ameshainuka, ameingia ndani, kwenye debe la mbegu, akatoka na kadi mbili za zamani, ya Mogesi na ya mdogo wake. Akasema, "Andika kama kwa dada zake." Shani akasoma: baba, Magige. Zote mbili. Kumbe siku zote hizo na mimi nilikuwa na karatasi, na sikujua, kwa sababu kwangu ni kadi tu za sindano. Waisiko aliziandikisha mwenyewe, ana darasa la saba.

Nikasema, "Sasa na wewe uliyajua haya, ulinyamaza kwa nini?"

Akasema, "Karatasi ya nyumba nimwonyeshe nani, kama mwenye nyumba amenitoa?"

Kwa hiyo ni Magige wa Magige. Shani anasema linachekesha. Na lichekeshe.

Bado naogopa, usifikiri nimepona. Wazee ni wazee, na Thadeo ana wajomba wenye sauti. Jumamosi wanaweza kusema kadi za sindano si kitu. Lakini tutakwenda wote, mimi mbele na fimbo, Waisiko na mtoto, na wasichana wawili ambao hawatakiwi, wakae mbele kabisa Thadeo awaone. Wakiniuliza nani alimwambia aandike, nitasema ni mimi, nilikosea, nilikuwa naogopa mgonjwa afe. Na nitamshukuru kwa safari ile mbele ya watu, na mbuzi nitampa, yule mweusi. Halafu wakiniuliza nani mwenye nyumba, nitajibu lile nililojibu mara moja nikalinyamazia. Hata kama uwanja wote wa mnada utacheka. Ya Kiingereza nitawaachia wewe na Evance.

Yale niliyosema juu ya Mogesi kuja kwako, futa. Nimemwambia Shani afute, amekataa, anasema karatasi itachafuka na kwanza ni kweli nilisema. Basi wewe ukifika hapo pita kama hujaona. Mogesi atakuja kwako likizo, aone bafu zenu, arudi.

Nisalimie mumeo na mama mkwe wako, mwambie aweke mawe. Nisalimie na jirani yako yule aliyenipa kitambaa, jina limenitoka. Waisiko anakusalimu, Mogesi anakusalimu kwa Kiingereza, amesema kitu hapa Shani ameshindwa kuandika kwa kucheka. Evance naye anakusalimu, anataka kujua kama umeolewa. Nimemwambia.

Mungu wa mama yako akufunike wewe na nyumba yako, asije mtu wa tamaa akahesabu vigae vya paa lake ukiwa umelala. Ukisikia simu yangu Jumamosi usiku, pokea kwa haraka. Usiposikia, jua nimechoka tu, nimelala.

Shani alitaka kuniandikia jina hapa chini aseme limetosha. Nimekataa. Siku ile hospitali sikuombwa dole, na sikulitoa. Leo nalitoa. Wino umenichafua, umefika mpaka kwenye shavu la Magige, lakini dole limetokea zuri, angalia.

Anayekupenda kuliko anavyoweza kusema,
mama yako mkubwa,

Mokami, mwenye nyumba.